Ngazi Asizowahi Kuziona

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Dada yangu aliitandaza mkekani uani, mama akiwa kando anapepeta mchele, nami nikapewa kalamu kwa kuwa hati yangu inasomeka. Dada alikuwa anahamia Dar es Salaam kikazi, na kituo kimoja cha malezi ya mchana kilikuwa kimekubali kumpokea mwanawe wa miaka miwili na miezi miwili, ila kwanza fomu ijazwe.

Je, mtoto hupanda ngazi mwenyewe, akishikilia kitu? Nyumba yetu ya Tanga ni ya chini, ina kizingiti kimoja cha mlango wa mbele, basi. Nikaandika hapana. Je, hula kwa uma? Hapana. Je, huvua koti lake mwenyewe? "Koti la nini, na joto hili?" mama akauliza bila kuinua macho kwenye ungo. Hapana. Je, mtoto ana historia ya mishtuko ya kineva? Tukatazamana, watu wazima watatu, tukakubaliana kwamba hana, maana hakuna aliyejua ni kitu gani. Kisha likaja swali la maneno: je, huunganisha maneno mawili, mfano "mama njoo"? Dada akasita. Mtoto alikuwa na maneno matatu tu, nayo mpaka uwe wa nyumbani ndipo uyatambue. Mama akadakia kabla kalamu haijagusa karatasi: "Watoto wa kiume huchelewa kusema. Baba yake naye alikuwa hivyo hivyo." Niliandika hapana, lakini moyoni nilikwisha kukubaliana na mama.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Mtoto amechelewa katika nyanja tatu, aonwe na mtaalamu. Tulikasirika. Amechelewa kupanda ngazi zipi? Mama, aliyelea watoto sita na wajukuu tisa, aliikunja ile karatasi akaiweka chini ya godoro, habari ikaishia hapo na mtoto akabaki nasi Tanga. Ngazi, uma, koti na yale maneno mawili, vyote vikalala pamoja. Mwaka mmoja na miezi saba baadaye daktari wa masikio, pua na koo alituambia kwamba mtoto hasikii vizuri kwa masikio yote mawili.

Ni mwaka ule mmoja na miezi saba unaoniandikisha makala hii.

Sisi tunaolalamikia vipimo vya kigeni huwa tunasema vinawaonea watoto wetu. Vinamhesabu kuwa nyuma mtoto asiye na kosa, ila kuzaliwa mbali na alikozaliwa aliyetunga swali. Ni kweli, na nitalisema hilo hapa. Lakini nyumbani kwetu madhara yalipitia mlango mwingine. Maswali matatu yasiyotuhusu yaliliua swali moja la maana. Hatukuwa na namna ya kujua lipi la kupuuza na lipi la kushika. Tulichokiona ni karatasi isiyotujua, tukaikataa yote. Nimezungumza tangu hapo na wauguzi wa kliniki za mama na mtoto na wazazi wa watoto wenye ulemavu, na habari hii hairudi kwangu kama ya ajabu. Mzazi akishauona upuuzi mmoja katika fomu, hata jambo la kweli lililo mstari wa chini yake halimwingii tena.

Fomu za namna ile zina ukoo wake. Mwaka 1967 daktari wa watoto William Frankenburg na mwanasaikolojia Josiah Dodds walichapisha kipimo walichokipa jina la mji wao, Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Waliwapima watoto zaidi ya elfu moja wa hapo mjini, wakaangalia ni wangapi hufanya jambo gani wakifika umri gani, wakachora mistari. Kwa watoto wa Denver ilikuwa kazi ya maana: daktari aliyekuwa akikisia kwa macho sasa alipata kitu cha kushika. Kipimo kikaenea dunia nzima. Hata kilipofanyiwa marekebisho makubwa na kutoka upya mwaka 1992, bado kiliuliza kama mtoto hujitengenezea nafaka ya kifungua kinywa, ile ya boksi inayomiminiwa maziwa, na kama hucheza karata au michezo ya ubao. Mtoto ambaye boksi lile liko mezani kila asubuhi anaulizwa jambo aliloliona mara mia. Wa kwetu, anayekunywa uji aliopikiwa na shangazi yake, anaulizwa kuhusu nyumba ya watu.

Afrika Mashariki imeshapimwa kwa rula za wengine ikapewa majibu yanayogongana. Katika miaka ya 1950 Marcelle Geber, kutoka Ufaransa, aliwapima watoto wachanga mjini Kampala kwa vipimo vya Gesell vya Marekani, akatangaza kwamba wamewatangulia wenzao wa Ulaya kwa mbali. Watu wakaanza kuzungumza habari za damu na maumbile, kama kwamba mtoto wa Kiafrika huzaliwa na haraka yake. Jibu lililonitosheleza lilitoka Kokwet, kijiji cha Wakipsigis huko Kenya, ambako Charles Super na Sara Harkness waliishi na kufanya utafiti katika miaka ya 1970. Super hakuishia kupima. Aliwatazama mama na nyanya wakiwa kazini. Aliona wanachimba kishimo ardhini, wanamkalisha mtoto humo na kumzungushia nguo asianguke, siku baada ya siku, na kwamba kutembea nako hufundishwa. Watoto wale walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, yapata mwezi mmoja. Lakini katika mambo ambayo hakuna aliyewafundisha, kama kutambaa, hawakuwa mbele. Hapakuwa na muujiza wa damu. Palikuwa na mazoezi.

Kusini zaidi, Robert Serpell wa Chuo Kikuu cha Zambia alifanya jambo ambalo nimelisimulia mara nyingi mpaka rafiki zangu wamelichoka. Aliwapa watoto wa shule wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, kazi ileile ya kuiga umbo, ila kwa vifaa tofauti. Kwa karatasi na penseli, Waingereza waliongoza. Kwa waya, Wazambia waliongoza kwa mbali, kwani nani katika mitaa yetu hajawahi kuona gari la waya lenye usukani mrefu? Kwa udongo, wakalingana. Akili ya kuona umbo na kulirudia ilikuwa ileile, na kilichobadilika ni kilicho mkononi. Huko huko Zambia kikatungwa kipimo kiitwacho Panga Munthu, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa: mtoto hapewi penseli achore mtu, anapewa udongo amfinyange.

Serpell aliwauliza pia wazee wa Kichewa swali ambalo kila nyanya wa pwani angelijibu usingizini: kukitokea jambo, katika watoto hawa utamtuma yupi? Hapo ndipo penye kipimo chetu. Kwetu hatusemi tu kwamba mtoto ana akili, tunasema anatumika. Mpe shilingi mia tano na jina la kitu, aende dukani kwa Mpemba, arudi na kitu chenyewe na chenji. Tazama yaliyofungwa humo: ameelewa agizo lenye sehemu mbili, amelishika njiani, ametamka kwa mtu asiye wa nyumbani, amehesabu, amejizuia asile pipi. Hata mdogo wa mwaka mmoja na nusu hutumwa: "Mpelekee babu ndara zake." Akizipeleka ndara za babu na si za mtu mwingine, umeshapata ushahidi wa masikio, kumbukumbu, miguu na moyo wa kusaidia, na mtoto hajui kama amepimwa.

Mtoto wa dada yangu hakutumika. Tulisema mtukutu, hasikii akiambiwa. Tulilitamka neno lenyewe, hasikii, kila siku, na hakuna aliyesimama kulisikia.

Najua kuna watakaosema basi tuachane na vipimo, kila mtoto na wakati wake, Mungu ndiye mlezi. Siwezi kukubali, na sababu yangu si ya kitabuni. Lakini hata kitabuni msemo huo una mipaka. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto 816 wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likachapisha matokeo mwaka 2006. Kutembea bila kushikwa kulianza kwa baadhi yao wakiwa na miezi minane na ushei, kwa wengine wakikaribia miezi 18, na wote walikuwa wazima. Karibu asilimia 4 hawakutambaa kwa magoti na mikono hata siku moja, waliruka hatua hiyo wakaendelea na maisha. Kwa hiyo nyanya ana haki: wakati ni mpana. Ila wakati huo una mwisho, na mwisho huo haukuwa mbali kati ya Accra na Muscat. Watafiti wakiongozwa na daktari wa Uturuki Ilgi Ertem walipolinganisha karibu watoto 5,000 wenye afya wa Argentina, India, Afrika Kusini na Uturuki, waliona kwamba hatua nyingi za miaka mitatu ya mwanzo hufikiwa karibu wakati mmoja. Tofauti zilijitokeza zaidi katika mambo ya kujihudumia, yaani kula na kuvaa, ambayo kila nyumba huyafundisha kwa wakati wake.

Basi swali la uma lilikuwa la desturi ya meza ya mtu, na swali la maneno lilikuwa la binadamu. Aliyetunga fomu aliyapa uzito mmoja.

Wako waliokaa chini kuyatenganisha. Malawi, Melissa Gladstone na wenzake walianza na kipimo cha Denver na vingine vya aina hiyo, wakavipeleka vijijini, wakakaa na wazazi, wauguzi na wanavijiji kuuliza kila kipengele: hiki mnakijua? mtoto wa hapa hupata nafasi ya kukifanya? Visivyoeleweka vikatupwa, vya hapo vikaingizwa, picha na vifaa vikabadilishwa. Walichokichapisha mwaka 2010 kilikuwa na vipengele 136, kikiwa kimejaribiwa kwa zaidi ya watoto 1,400 wazima wa vijijini, na pia kwa watoto wenye ulemavu wa mishipa ya fahamu na wenye utapiamlo, ili ionekane kama kweli kinawatambua walio nyuma. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo naiheshimu kupita zote. Kulegeza kipimo mpaka kila mtoto apite ni rahisi. Kazi ni kuondoa ngazi na koti bila kumpoteza mtoto asiyesikia.

Kilifi, pwani ya Kenya, nayo ina historia yake. Huko, mtafiti Mkenya Amina Abubakar na Penny Holding, pamoja na wenzao, walitengeneza kipimo kinachobeba jina la Kilifi, cha kumtazama mtoto akitumia mwili na mikono yake, kwa vitu anavyoweza kuvipata hapo. Wakatengeneza pia orodha ya hatua za ukuaji ambayo mzazi huulizwa kwa mdomo. Katherine Alcock na wenzake wakaandaa orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, wakithibitisha kwamba mama asiyejua kusoma anaweza kutoa habari za kutegemewa kuhusu maneno ya mwanawe, mradi asikabidhiwe karatasi bali akae na mtu wa kuzungumza naye kwa lugha yake. Mama hakuwahi kuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa karatasi.

Na hapa nataka kukaa kidogo na lugha, kwa kuwa wengi hudhani kipimo kikishatafsiriwa kimeshafanywa chetu.

Chukua rangi. Fomu nyingi za watoto wa miaka mitatu na minne huuliza rangi anazozitaja. Kiswahili cha nyanya yangu kina rangi tatu zenye vivumishi vyake hasa: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Zilizobaki zimeazima vitu. Manjano ni bizari, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, kijani ni jani. Mtoto anayesema kitambaa ni "cha majani" ametoa jibu kamili la Kiswahili. Mpimaji aliyefunzwa kusubiri neno moja tu atamwekea sifuri. Chukua nafsi: Kiingereza hutofautisha wa kike na wa kiume katika kiwakilishi, na watoto wao hupimwa kwa hilo. Sisi tuna "yeye", na hapo hapana cha kupima. Badala yake tuna ngeli, na mtoto wa miaka mitatu anayesema "kiatu changu" na "viatu vyangu" pasipo kufundishwa anafanya kazi kubwa ambayo fomu ya kutafsiriwa haina hata mahali pa kuiandika.

Na hata lile swali la maneno mawili linahitaji kurekebishwa. "Nibebe" ni neno moja, na ndani yake yumo anayebebwa, na anayeambiwa, na tendo. "Sitaki" ni sentensi nzima. Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, alionyesha kwamba wadogo mara nyingi hudondosha viambishi vya mwanzo vya kitenzi, mtoto akasema "taka" pale mkubwa angesema "nataka". Anayejua hivyo ataisikiliza njia kutoka "taka" hadi "nataka" na kujua mtoto yuko wapi, hata kama hajaunganisha maneno mawili kwa hesabu ya Kiingereza. Na nyumba zetu nyingi zina lugha mbili: huku Tanga mtoto atasema maji kwa Kiswahili na jambo jingine kwa Kisambaa cha nyanya yake. Maneno yake ni ya kujumlishwa kutoka lugha zote. Kuwa na lugha mbili hakumcheleweshi mtoto kiasi cha kukosa maneno, na mzazi anayeambiwa aache lugha ya nyumbani ili mtoto aseme anapewa ushauri mbaya.

Baada ya maneno ni namna ya kuuliza. Mama wa pwani hatasimama mbele ya wageni akasema mwanangu anafanya hiki na kile, hodari kweli. Kuna kijicho. Atasema "yupo tu, anahangaika", na mtoto mwenyewe kwao hupanda mwembe. Mwingine, kwa adabu kwa mgeni aliyekuja na gari na daftari, atajibu ndiyo kwa kila kitu asimvunje moyo. Maswali ya ndiyo na hapana hayafai kwa wote wawili. Huko Ankara, Ilgi Ertem alijenga mwongozo wake juu ya maswali ya wazi, anayoanza nayo kwa kumuuliza mzazi kama kuna lolote linalomtia wasiwasi kuhusu mwanawe, kisha mtoto anawasilianaje, anaelewaje, anachezaje. Ni mazungumzo, kama tunavyozungumza barazani. Mwulize mama wa Kiswahili "akitaka maji anafanyaje?" naye atakuonyesha, kwa mikono na sauti, mwanawe anavyofanya, na utakuwa umepata zaidi ya kurasa nne.

Mtoto naye ana adabu zake. Amefundishwa asimkazie macho mkubwa, asipokee kwa mkono wa kushoto, asimrukie mgeni kwa maneno. Anapokaa kimya mbele ya mpimaji, akitazama vidole vya miguu yake, anafanya alivyofunzwa. Wauguzi wazuri niliowaona hulijua hili bila kuambiwa: humwacha mtoto mapajani kwa mamaye, humpa kifuniko cha chupa na mawe matatu achezee, humsemesha mama kwanza.

Nirudi kwenye "mishtuko ya kineva". Tulipofika kwa daktari wa masikio, muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Hakuwa na fomu mkononi. Alimgeukia mama yangu, akamwamkia, akamwuliza: "Bibi, huyu mjukuu amewahi kupata degedege?" Mama akaanza kusimulia na hakunyamaza kwa dakika kumi. Alikuwa na miezi minne. Homa ilimpanda usiku, akakakamaa, macho yakageuka, jirani akasema asichomwe sindano maana degedege na sindano haviendani, wakamfukiza kwanza, alfajiri wakampeleka hospitali, akalazwa, wakaambiwa ni homa ya uti wa mgongo, akatibiwa, akapona. Akapona, ndivyo tulivyoamini. Muuguzi alikuwa ameshaacha kuandika. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria ni miongoni mwa mambo yanayojulikana sana kwa kuharibu usikivu wa watoto, na kila mtoto aliyeugua anapaswa kupimwa masikio kabla au muda mfupi baada ya kutoka hospitali. Wetu hakupimwa.

Degedege katika Kiswahili ni zaidi ya kukakamaa. Wako wanaoamini huletwa na ndege wa usiku, na kwa sababu hiyo wengine humpeleka mtoto kwa mganga kwanza na hospitali baadaye. Mtungaji wa fomu akaona neno hilo si la kitabibu, akaliepuka, na kuliepuka huko kukatunyima taarifa iliyokuwa ya thamani kuliko kurasa zote nne. Si lazima muuguzi aamini ndege. Inatosha alijue jina ambalo ugonjwa unalo nyumbani. Ndivyo ilivyo kwa kigego, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu, ambaye mababu walimwona ana nuksi. Familia inayoficha jambo hilo itaficha na mengine, na anayeuliza kwa dharau hataambiwa kitu. Ndivyo ilivyo hata kwa umri: mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, hesabu yake huanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa, si siku aliyozaliwa, na mwulizaji asiyeuliza hilo atamwona yuko nyuma kwa miezi miwili ambayo mtoto hakupewa.

Lipo la kutia moyo, na liko karibu nasi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vipya vya makuzi kwa watoto wasiotimiza miaka mitatu, vinavyokusudiwa kutumika nchi yoyote. Kati ya sehemu tatu za kwanza vilipohakikiwa, pamoja na Bangladesh na Pakistan, moja ni Pemba. Maswali yale yalipita katika Kiswahili cha Pemba kabla hayajaitwa ya dunia, na nakiri nilipolijua hilo nilifurahi kama aliyesikia jina la mtaa wake redioni. Ila tusivichanganye: vimetengenezwa kupima hali ya watoto wengi kwa pamoja, mkoa au taifa, na havitoshi kusema mtoto huyu mmoja ana tatizo gani. Kwa huyo mmoja bado panahitajika mtu aliyefunzwa, kiti, na muda.

Muda ndio haba. Tanzania ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na ndani yake uchunguzi wa mapema umetajwa. Lakini siku ya kliniki, mama mwenye kadi mkononi huamkia foleni, mtoto hutundikwa kwenye mzani, kilo zikaandikwa, chanjo ikachomwa, aitwe mwingine. Muuguzi mwenye watoto sitini mbele yake hawezi kuuliza "akitaka maji anafanyaje?" na kusubiri jibu. Maswali matatu mazuri yakiulizwa palepale kwenye mzani yangefaa kuliko fomu ndefu inayojazwa mara moja: anageuka akisikia sauti? anatumika? kuna alichokuwa akikiweza na sasa amekiacha? Hilo la tatu lisingoje kliniki ijayo, kwa umri wowote, sawa na mtoto asiye hata na neno moja akiwa na mwaka na nusu.

Na kumtambua mtoto bila kuwa na pa kumpeleka ni ukatili wa namna yake. Sisi tulisafiri. Vipimo vya masikio vilifanyika Dar es Salaam, shime sikio, yaani vifaa vya kumsaidia kusikia, zikachukua miezi minne na mkopo wa kikoba. Betri zake ndogo kama punje ya mtama hatujawahi kuzipata mtaani kwetu. Mama wengine ambao tuliwakuta kwenye benchi walitoka mbali kuliko sisi na walikuwa wakirudi kwa mara ya tatu.

Mtoto sasa ana miaka sita. Anasema, ingawa herufi ya "s" bado humponyoka, na ukimtuma dukani huleta ulichomtuma, chenji huwa na hadithi. Mama yangu hakuniomba nimwandike, lakini amekubali niseme jambo moja. Jirani akija barazani na mtoto mchanga, humpokea, humsifu kwa mashaallah, humrudisha mapajani kwa mamaye akitazama upande wa barabara. Kisha huingia ndani na kutoka kwa mlango wa uani akiwa na sufuria na kijiko. Muuguzi yule alimfundisha asimame mbali ili sakafu isitikisike, kivuli chake kisimfikie mtoto, na wenye nyumba wanyamaze. Hugonga mara moja, taratibu, halafu anangoja, macho yake kwenye kisogo cha yule mtoto. Asipogeuka, hungoja tena, akahamia upande wa pili. Mara mbili hadi sasa amewaambia wenyewe wampeleke mtoto kwenye vipimo, na mara moja amekwenda nao.

Ile karatasi bado iko chini ya godoro. Nilimwomba anipe nikaisome upya kwa ajili ya makala hii, akakataa. Alisema atakapokufa ndipo tuitoe.